Jalada la Vichwa Saba

Jumatatu, 7 Machi 1977. Moroni.
Bahati imepiga hodi mtaani kwetu Badjanani! Kamati ya vijana, inayotuamuru tangu mapinduzi, inatafuta mchoraji mmoja wa kudumu. Kuna shindano: chora jalada la jarida la televisheni. Televisheni yenyewe hatuna, hata moja. Kamati inasema itakuja, na ikija isiyakute mapinduzi yamelala. Mshindi atapewa meza, rangi na feni. Atakayeshindwa, Jumatatu ijayo aripoti shamba la kamati, kulima. Mimi na jembe! Mikono hii imeandika vibao vya nusu ya maduka ya Volo Volo. Mshindani ni mmoja tu: Chabane wa Mutsamudu, mchora vibao anayetembea na kalamu tatu mfukoni. Atalima huyo. (Naandika kwa Kiswahili, nilichorudi nacho kutoka Unguja, ili mke wangu Nouriat asisome.)

Jumanne, 8 Machi.
Nimepata sokoni jarida la televisheni la Kifaransa, limefungiwa samaki. Nimelikodolea macho kutwa. Nimezijua sheria zake zote! Jina juu kabisa, herufi nene, nyekundu. Chini yake uso mmoja mkubwa wa mtu maarufu, anakutazama machoni, utosi umelifunika jina kidogo. Pembeni vichwa viwili vidogo. Kwenye kona nyota ya manjano: ZAWADI NDANI! Bei. Tarehe. Basi. Lakini uso wa nani? Wao wana waimbaji. Sisi anayejulikana na kila mtu ni Mzee Mroudjae, mwenye ndevu safi na arusi kubwa, ile ya kumpa mtu cheo mjini, iliyomaliza ng'ombe kumi na wanane. Nimemwendea. Kakubali kabla sijamaliza kuomba. Nouriat kanikumbusha kwamba kamati hiyohiyo imepiga marufuku arusi kubwa. Nimemwambia nachora ndevu, sichori arusi. Wanawake!

Jumatano, 9 Machi.
Mroudjae kaja kuchorwa na joho la arusi, lile la nyuzi za dhahabu alilolificha chini ya magunia tangu marufuku. Nimelichora hivyohivyo. Joho linang'aa vizuri sana. Vichwa vidogo nimewapa Mzee Saindou na Mzee Madi, majirani zangu. Watafurahi.

Alhamisi, 10 Machi.
Hawakufurahi. Saindou kaja na fimbo. Yeye alifanya arusi kubwa miaka miwili kabla ya Mroudjae. Uwanjani, wanapobarizi wazee, hukaa mbele yake. Nyama ya karamu hupewa kabla yake. Iweje jaladani awe mdogo kama embe? Nimemweleza kwamba ndiyo sheria ya majarida. Kanijibu kwamba Mfaransa alishaondoka. Nikamkuza. Mroudjae kaja na rula, kapima, kanuna. Nikamkuza na yeye. Fahali wawili hawakai zizi moja, nami nimewaweka kwenye karatasi moja.

Ijumaa, 11 Machi.
Baada ya sala wamekuja wazee wengine watano, wote na majoho, wote na tarehe za arusi zao mdomoni. Ningefanyaje? Ni wazee! Sasa ni vichwa saba na majoho yao, ukubwa mmoja, vimepangwa kwa tarehe za arusi kama wanavyokaa uwanjani. Havikuenea. Nimefuta jina la jarida. Nimefuta bei. Nyota ya manjano imebaki, ila nafasi yake ni juu ya tumbo la Madi tu: ZAWADI NDANI! Nouriat kaiona, kacheka mpaka kakaa chini. Hana jicho la sanaa.

Jumamosi, 12 Machi.
Siku nyeusi. Jalada la Chabane: msichana mmoja wa shule kajifunga shiromani, nguo ya wanawake wa visiwani, anakutazama machoni, jina jekundu, utosi umelifunika kidogo. Hakuvunja hata sheria moja. Mtu asiye na ubunifu! Mwenyekiti wa kamati, Taki, kijana wa miaka kumi na tisa, kalitazama langu. Kisha kawatangazia watu kwamba hii si televisheni, hii ni orodha ya mabwana wa zamani, na kwamba meza ni ya Chabane na jembe ni langu. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kulia, nasema kweli. Halafu Taki kanivuta nyuma ya mlango. Kaninong'oneza kwamba Saindou ni babu yake mzaa mama. Kwa nini nimemweka wa tatu, wakati alifanya arusi kubwa kabla ya Madi? Alikuwa na hasira kweli, zaidi ya alipokuwa jukwaani.

Jumanne, 15 Machi. Mutsamudu.
Jembe la jana limenikosa! Nilipanda boti Jumapili, niko kisiwa kingine, kwa dada yangu Hakima. Nouriat kasema atakuja nikipata kazi, yaani kesho au keshokutwa, maana kamati ya huku nayo inataka jalada. Nimetafakari sana njiani. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la Moroni. Huku hakuna anayehesabu arusi za watu. Wafanyabiashara wa huku wanachojali ni nasaba tu, nani katoka ukoo gani. Rahisi! Na safari hii nitafuata sheria: uso mmoja, mkubwa, basi. Uso huo nimekwisha kuwaahidi wanne, kila mmoja kwa siri.