Jinsi Serikali Ilivyonilimia Bonde

Jumatatu, 12 Februari 1979

Mkutano wa kijiji tangu asubuhi. Nimekaa mbele kabisa. Haki yangu! Mwanangu Tharsisi yuko vitani tangu Novemba, alikwenda na mgambo wa Kitanga, na baba wa mpiganaji hakai nyuma na wavuta ugoro.

Katibu wa kijiji, Saidi, akasoma agizo. Kila familia yenye mtu vitani italimiwa ekari moja na kijiji kizima. Bure. Juu yake blanketi moja na miche miwili ya sabuni. Watu wakapiga makofi, mimi nikawashinda wote. Serikali hii ina huruma. Wapo wanaosema imetusahau huku juu. Waongo!

Kisha furaha ikaingia doa. Ekari inayolimwa ni ya mke wa mpiganaji, si ya baba yake. Yaani ya mkamwana wangu Esteri, kule mteremkoni. Mimi nina nusu ekari bondeni, chini tu ya shamba lake. Udongo mweusi, urithi wa marehemu baba. Tharsisi mwenyewe aliniomba bonde hilo siku anaondoka. Nilimwambia nitafikiri. Bado nafikiri.

Sasa nyasi zimefika magotini na mgongo wangu hauinami tangu Krismasi. Maharage yasipoingia ardhini kabla ya mwisho wa mwezi, nitakula mihogo mitupu mpaka Agosti. Nimerudi nyumbani nikiwaza njia nzima.

Jumatano, 14 Februari

Nimepata! Shamba langu na la Esteri yametenganishwa na miyenzi tisa tu, ile minyaa tunayopanda mipakani. Mti gani mwepesi kama muyenzi? Unaung'oa hapa, unauchomeka pale, unashika, hauna kinyongo. Nikiishusha yote tisa mpaka ukingoni mwa kijito, bonde litaonekana la Esteri. Kijiji kitalima. Kijiji kitaondoka. Miyenzi itarudi mahali pake. Nani ameumia? Hakuna.

Mke wangu Pelagia ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia naiwaza serikali.

Tatizo ni Leonidasi, jirani wa upande wa juu. Hana mtu vitani, lakini ndizi zake nene kuliko zangu, na anajua kila muyenzi wa kata hii kama anavyojua meno yake. Bahati nzuri Ijumaa haachi gulio.

Ijumaa, 16 Februari

Watu wote gulioni? Wote. Nikashuka na jembe. Nikang'oa tisa bila shida. Kisha nikajifuta jasho kwa mkono ule ule.

Utomvu wa muyenzi! Mtoto wa miaka mitano anajua haugusi jicho. Nilikimbilia kijitoni, nikateleza, nikaingia mzima mzima. Miyenzi nimeipanda upya kwa jicho moja, kwa hiyo mstari umekwenda unakojua wenyewe. Pelagia amenimiminia maziwa ya ng'ombe machoni. Nimemwambia ni moshi. Akauliza moshi gani, na yeye hajawasha moto tangu asubuhi.

Jambo la pili. Ana mtungi wa pombe ya ndizi, alitaka kuuza Jumapili. Nikauomba kwa ajili ya wakulima wa kesho, maana mtu aliyekunywa hachagui pa kulima. Akakataa. Nikasema ni kwa ajili ya Tharsisi. Akaniachia. Nimejisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 17 Februari

Majembe sitini! Sijawahi kuona. Wamekuja na nyimbo, wazee kwa vijana, hata mwenye duka Abbasi amefunga duka lake akaja na jembe jipya lisilojua kazi. Mpaka jua la saa tano mteremko umekwisha, wakashuka bondeni kama maji. Nyasi zangu zilikuwa zinalia. Moyo wangu ulikuwa unacheka. Asante, serikali! Asante, majirani!

Leonidasi alikuwa mbele. Alifika palipokuwa na miyenzi, akasimama. Akatazama mashimo tisa. Akatazama jicho langu, jekundu. Akaendelea kulima.

Ikaja saa ya mtungi. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mwanamume wa Buha hatakiwi kusahau. Kwetu anayewanywesha watu shambani husimama kwanza akataja mpaka, na wote watakaogusa mrija ni mashahidi mpaka kufa. Mila ya siku zote. Kesi ngapi za mashamba zimekwisha kwa swali moja tu: ulikunywa au hukunywa?

Leonidasi, kwa sauti ya upole ya kanisani, akaniomba nitaje mpaka wa Tharsisi. Watu sitini wananisubiri, koo kavu. Nikitaja mpaka wa zamani, wataniuliza bonde wamelilimia nini. Nikitaja mpya, basi tena. Nilitafuta njia ya tatu. Haikuwepo.

Nikasema, "Kuanzia kwa Leonidasi mpaka kijitoni, lote hili ni la mwanangu Tharsisi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Katibu Saidi akaona machozi yananitoka, jicho lile lile, akahutubia juu ya wazazi wanaojua kutoa. Esteri akapiga magoti mbele yangu, akapiga makofi ya heshima, taratibu, kama bibi yangu alivyokuwa anafanya. Hapo machozi yakaongezeka. Sijui yapi yalikuwa ya muyenzi na yapi yangu.

Jumapili, 18 Februari

Nimeombewa kanisani kwa jina. Leonidasi amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hakutegemea hilo kwangu. Nina hakika anacheka moyoni.

Baada ya misa nilishuka kuangalia jinsi ya kurudisha miyenzi polepole, mmoja mmoja kwa wiki. Nimekuta Leonidasi kanitangulia. Amenyoosha mstari kwa kamba. Ameongeza miyenzi mitatu, kwa usalama, amesema. Sasa iko kumi na miwili, imesimama wima kama polisi.

Jumanne, 20 Februari

Nimekwenda kwa Saidi na jogoo kwapani. Nikamweleza kwa mbali kwamba siku ile palikuwa na haraka, na kwamba mzee huweza kusema neno kwa furaha. Akafungua daftari. Ekari moja na nusu, Tharsisi, mashahidi sitini, wasiojua kuandika wameweka dole gumba. Nakala imekwishakwenda Kasulu na pikipiki ya bwana shamba.

Jogoo akamkataa. Mimi nikafurahi, angalau jogoo! Halafu akafikiri tena, akasema atafaa katika michango ya wapiganaji, akaandika: jogoo mmoja, mwekundu. Nimerudi nyumbani sina bonde, sina jogoo.

Jioni Esteri amepita akitoka kupanda maharage, mikono myeusi kwa udongo wangu. Udongo wake. Ameniletea blanketi la serikali, amesema mgongo wa baba unalihitaji kuliko yeye. Nimekataa mara moja tu. Zito, la kijivu, halipitishi upepo. Nimelala kama padre.

Jumatatu, 12 Machi

Maharage ya bondeni yamejaa majani mpaka udongo hauonekani. Si yangu, lakini kila asubuhi nashuka kufukuza ngedere. Hakuna aliyenituma. Mgongo hausemi kitu nikiwa kule, sijui kwa nini.

Barua hakuna tangu Krismasi. Upande wa Kabanga familia moja imeletewa habari ya mtoto wao, na habari haikuwa njema. Nimekwenda kuwapa pole, nimeshindwa kumtazama yule baba usoni. Esteri siku hizi haulizi tena kama gari la barua limepita. Akisikia injini anaacha jembe, likipita anaendelea.

Leo nimemwambia Mungu alichukue bonde, sitalidai tena, amrudishe kijana. Nimesema kwa moyo wote. Baada ya amina nikaongeza kwamba kama vyote viwili vinawezekana, pia sawa.

Ijumaa, 6 Aprili

Barua! Saidi kaileta mwenyewe, anakimbia, kofia mkononi. Esteri amesoma, sote tumesimama uani, Pelagia kashika ukuta. Yuko hai. Aliumia bega, ametibiwa, amerudi kikosini. Amesalimia kila mtu mpaka ng'ombe. Kisha palikuwa na kipande changu, na Esteri alikisoma polepole.

"Baba, Esteri ameniandikia habari ya bonde. Nimeisoma barua yake mara saba na wenzangu wameisikia. Siku naondoka ulisema utafikiri, nikajua umenikatalia. Nilikwenda na uchungu ule mpaka huku. Asante kwa kufikiri, baba."

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Leo hakuna muyenzi niliougusa, wala moshi. Nililia kama mtoto. Leonidasi alinikuta pale, akakaa kando yangu, akanipa ugoro wake. Mzuri kuliko wangu, kama kawaida. Namshukuru Mungu, naishukuru serikali, na yule Leonidasi pia, ingawa sitamwambia.

Jumatatu, 9 Aprili

Mkutano. Nimekaa mbele. Nilikwenda moyo wangu umetulia, mtu mpya kabisa.

Saidi ametangaza kwamba mvua zikikatika, kijiji kitaezeka upya nyumba za wake wa wapiganaji. Nyasi za kijiji, fito za kijiji, nguvu za kijiji. Makofi! Nyumba ya Esteri imo kwenye orodha.

Nyumba yake na yangu zimeachana hatua kumi. Nimepima nilipotoka mkutanoni, mara mbili. Sasa, mtu akisimika nguzo sita katika ule uwazi, akakandika udongo pande mbili, si inakuwa nyumba moja ndefu? Na nyumba moja ina paa moja. Kijiji hakiwezi kuezeka nusu paa. Shamba lina mpaka, ndiyo maana lile lilinishinda. Paa lina mpaka gani?

Leonidasi ameniona nakata nguzo, akauliza za nini. Nimemwambia banda la mbuzi. Ameitikia kwa kichwa na kusema siku ya kuezeka atakuja mapema, nisisahau mtungi.

Pelagia ameuliza swali moja tu: nyumba hiyo ikishakuwa moja, Saidi ataiandika ya nani? Wanawake hawaelewi mambo ya ujenzi. Kesho nachimba mashimo.