Bwana Msimamizi na Shimo la Josho

Jumatatu, 8 Septemba 1975
Leo nimeacha ualimu. Miaka minne ya chaki imetosha. Kuanzia asubuhi hii mimi Kassian, mtu wa Songea, ni Msimamizi wa Mradi wa Josho la kuogeshea mifugo hapa Itiryo. Tangu watu wahamishiwe kijijini mwaka jana, ng'ombe wamesongamana na kupe wamepata sherehe. Bwana Mifugo wa Tarime amesema lori la saruji litafika Jumamosi. Likikuta shimo limechimbwa, saruji ni yetu. Likikuta nyasi, saruji inaenda Nyangoto.
Mwalimu Mkuu, Selestine, amenishikia nafasi yangu hadi Jumamosi hiyo hiyo. Baada ya hapo darasa la nne ni la Mwalimu Laurensia moja kwa moja. Nimemwambia asijisumbue. Akasema atajisumbua kidogo tu.
Nashoni, fundi mwashi aliyekimezea mate cheo hiki, ameniuliza kama nimewahi kushika sururu. Nimemjibu kwamba msimamizi hashiki, anasimamia. Akaenda zake akicheka chini chini.

Jumanne, 9 Septemba
Mpango tayari. Watu sitini, majina yamepangwa kwa alfabeti kama daftari la mahudhurio, wawili wawili, kila jozi na kipande chake cha shimo. Nashoni kaisoma orodha mpaka mwisho, akakohoa, akasema hapa Mwalimu angeuliza watu kwanza. Wivu huo. Nimemkumbusha kwamba siku hizi naitwa Bwana Msimamizi.
Shimo liko nyuma ya shule. Saa nne nikasikia darasa la nne wakiimba jedwali la saba. Zamani walikuwa wakiniimbia mimi. Walipofika saba mara nane wakasema hamsini na nne, nami nikapaza sauti huku huku kwamba ni hamsini na sita. Laurensia ametuma ujumbe wa heshima: anashukuru, ila somo lina mwalimu.
Sina ninachokikosa kule. Nimekumbuka tu vumbi la chaki kwenye mikono ya shati, na walivyokuwa wakigombania kunibebea madaftari.

Jumatano, 10 Septemba
Balaa. Herufi M imewakutanisha Marwa na Mama Mogesi. Marwa, kijana mwenye nguvu za fahali, alikuwa ameshaanza kuchimba. Mama Mogesi alipoteremka na jembe lake, Marwa akajifunika uso kwa shati, akaparamia ukingo na kutokomea kwenye mihogo. Mama naye akajitanda kanga, akaugeukia ukuta wa udongo.
Nikaona ni ugomvi. Wanafunzi wakigombana tunafanyaje? Nikatuma watu wamrudishe Marwa, nikaamuru wapeane mikono mbele ya kijiji. Marwa akasita. Nikaushika mkono wake mwenyewe, nikautia ndani ya mkono wa mama.
Watu wote sitini wakabeba majembe, wakaondoka mmoja mmoja.
Nashoni ndiye aliyenieleza. Marwa amemwoa binti wa Mama Mogesi. Hapa mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumshika mkono. Nikasema darasani hakuna mama mkwe. Akasema ndiyo maana darasa lilikuwa linanifaa.

Alhamisi, 11 Septemba
Shimoni hakuna mtu. Nimepuliza filimbi mara tatu, wamekuja mbuzi. Wazee wameniambia nitoe mbuzi mmoja wa kufuta aibu. Nimemtoa wa kwangu wa pekee, niliyekuwa namlea kwa ajili ya Krismasi.
Nimechimba peke yangu. Malengelenge manne, shimo la kumtosha kuku. Siku mbili zimebaki. Kengele ya shule ilipolia nilisimama wima bila kujijua, nikakung'uta suruali niingie darasani. Nikajionea huruma kweli. Nilikuwa na watoto arobaini na wawili waliosimama kila nikiingia. Leo hata mbuzi hawasimami.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeamshwa na nyimbo. Mama Mogesi ameitisha risaga: anayeita hupika, majirani huja na majembe. Wanawake wamechimba asubuhi, wakala, wakaenda zao. Mchana wakaingia wanaume, Marwa akiwa mbele. Mkwe na mama mkwe hawakuonana hata kivuli. Nashoni alinyoosha kamba moja tu ya kupimia. Orodha yangu walifungia tumbaku. Jua halijazama, shimo limekwisha.
Nikaenda kumshukuru Mama Mogesi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba yeye anamjua mwalimu aliyemfundisha mjukuu wake Robi kumsomea barua za mwanawe aliye jeshini. Amepika kwa ajili ya mwalimu huyo. Msimamizi bado hajamjua.
Nililia kidogo nyuma ya kifusi. Aliyeniona nilimwambia ni vumbi.

Jumamosi, 13 Septemba
Lori limefika. Bwana Mifugo amelisifu shimo, akauliza nani amesimamia. Watu wote wakamtazama Nashoni. Nami pia, hata najishangaa. Saruji imeshushwa, mradi amekabidhiwa yeye. Selestine alikuwa pembeni na daftari la darasa la nne kwapani. Kabla hajamaliza kuniuliza, nilikuwa nimeshalipokea.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimeingia, wote arobaini na wawili wakasimama. Shikamoo yao ilitikisa bati. Nikaitikia marahaba. Tukaimba jedwali la saba tangu mwanzo, kwa furaha tu, mara mbili. Laurensia amerudi darasa la pili bila kinyongo, kaniachia chaki tatu nzima. Sijapata asubuhi nzuri kama hii tangu nitoke kwetu. Nimeapa kufia hapa hapa, chaki mkononi.
Saa sita nimesikia kijiji kinatafuta msimamizi wa mradi wa mizinga ya nyuki.
Saa saba barua yangu ya maombi ilikuwa mezani kwa Selestine. Ameisoma polepole, akavua miwani, akauliza kama nimeshasahau ya juzi. Nimemwambia hapana, nimejifunza mengi sana. Nyuki hawana wakwe.