Kukosolewa na Bi Nukta

Jumatatu, 3 Machi
Nimetuma ukurasa mwingine kwenye tovuti yetu ya maelekezo ya programu ya kuchora ramani. Kazi ya kujitolea: kila mtu anaandika akiwa kwake, Bi Nukta anahakiki, ukurasa unawekwa mtandaoni na kukaa vilevile mpaka mtu aurekebishe. Wangu ulikuwa safi, hauna doa. Bi Nukta kaupokea bila neno. Hata ahsante! Chiriku, mwenzetu anayekosea hata jina la programu, kaandikiwa aya nzima, na mwishoni kaulizwa kama mafua yamepungua. Mafua! Mimi nilikohoa wiki nzima humu chumbani, na aliyejua ni ukuta.

Jumanne, 4 Machi
Siri ya Chiriku nimeijua. Anayekosea ndiye anayesemeshwa! Nami nimeruka hatua ya kuhifadhi faili, makusudi. Bi Nukta kajibu papo hapo. Kasema ndugu yangu, hapo msomaji atapoteza kazi yake yote, hebu tazama tena. Ndugu yangu! Nimeisoma kwa sauti, mara kadhaa. Mama mwenye nyumba kagonga kuuliza kama nina mgeni. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Makosa juu ya makosa. Nakosea, anaeleza, nauliza, anaeleza tena. Mwanamke ana subira huyu! Leo kaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula, nikaenda kupika huku naimba. Halafu tamaa ikaniponza. Nikataka na sifa kidogo. Nikasahihisha kurasa zangu zote kwa mkupuo, mpaka koma.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Bi Nukta katangaza mbele ya wote kwamba nimeiva. Kuanzia leo nachapisha mwenyewe, sihakikiwi na mtu. Kanipa hongera, kaniaga. Chiriku naye kanipongeza, mnafiki mkubwa. Nimechapisha ukurasa wa makosa matupu. Ukaingia mtandaoni kimyakimya, hakuna aliyestuka. Nimekaa kuutazama, kisha nikaufuta. Nasema kweli, roho imeniuma.

Jumapili, 9 Machi
Mimi wa kushindwa? Thubutu! Nimefungua akaunti nyingine, nikajiita Mgeni Kabisa, nikatuma ukurasa wa kutia huruma. Nikachemsha chai, nikakaa kumsubiri Bi Nukta. Ikaja taarifa: wageni siku hizi wanahakikiwa na mhakiki mpya, yule aliyeiva Ijumaa. Lo! Ni mimi.

Ningefanyaje? Masikini wa watu huyo Mgeni Kabisa, hana mtu. Nikamwandikia karibu, ndugu yangu, habari za huko. Akajibu huko kimya mno. Nikamwambia hata huku. Basi tukaongea mpaka chai ikapoa. Muungwana sana, anasikiliza, na Chiriku hamjui! Ila nimemwona, anakosea makusudi. Sijamkemea. Nimemsihi tu asijirekebishe haraka. Akiiva na yeye, mimi nitabaki na nani?