Tarakimu Tatu za Heshima

Kwa furaha isiyo kifani, na baada ya mashauriano mapana na nafsi yake, Meya wa San Telmo del Mezquital, Don Abundio Quezada, aliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu hakuna namba ya simu ndani ya mipaka ya mji itakayoruhusiwa kuwa fupi kuliko hadhi ya wananchi. Bendi ikapiga. Kengele ya kanisa ikagongwa, ingawa padri alisema baadaye kwamba hakuombwa ruhusa. Watu walishangilia sana, maana walikuwa wameahidiwa tamale, yale maandazi ya mahindi ya kupikwa kwa mvuke, na tamale zilikuwa bado hazijagawiwa.

Mwenye wazo hilo alikuwa Licenciado Crisóforo Ávalos, aliyeitwa Licenciado kama anavyoitwa kila mtu mwenye tai na ufunguo wa ofisi. Cheo chake kilikuwa Kaimu Mkurugenzi. Alikuwa amekaimu muda mrefu hata mkewe akawa anamtania kwamba yeye ni kaimu mume. Safari hii, lakini, mambo yalikuwa yameiva. Don Abundio alikuwa ameomba chama kimsimamishe kugombea ubunge. Akipitishwa, kiti cha meya kingebaki wazi, na Crisóforo alikuwa ameahidiwa kukikalia bila lile neno "kaimu" kumtangulia. Kilichobaki ni simu moja tu kutoka ofisi ya chama ya jimbo, mjini Zacatecas, kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi.

Crisóforo alikuwa amesoma mahali fulani kwamba namba ya simu ikiandikwa kimataifa, dunia inairuhusu ifikishe tarakimu kumi na tano. Alikimbia nalo jambo hilo kwa meya kabla hajamaliza kusoma.

"Sisi tunatumia ngapi?" aliuliza Don Abundio.

"Kumi na mbili, Mheshimiwa. Hamsini na mbili ya nchi, halafu kumi zetu."

Meya akaweka chini kipande cha gordita, mkate wake wa mahindi. "Na tatu zilizobaki anazitumia nani?"

"Uchunguzi unaendelea."

"Magringo?"

"Magringo wa ng'ambo ya mpaka wana kumi na moja tu, Mheshimiwa."

"Maskini! Kumbe hata wao wameibiwa."

Crisóforo akapiga hesabu papo hapo kwenye karatasi ya kufutia mikono. Ile sifuri-nne-nne, ambayo zamani kila mtu aliitanguliza akipigia simu ya mkononi, na ambayo serikali ya taifa iliifuta kwa kisingizio kwamba haina kazi tena, ilikuwa na tarakimu tatu kamili. Ukiichomeka baada ya alama ya kujumlisha na hamsini na mbili, unapata kumi na tano, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Jambo likitimia vizuri namna hiyo haliwezi kuwa kosa. Meya alimkumbatia mpaka tai ikaenda upande.

Ndipo ikaundwa Kurugenzi ya Usahihi wa Namba, yenye mkurugenzi mmoja, naye kaimu, na wapaka rangi sita wenye ndoo za chokaa. Walifuta kutani namba ya muuza supu ya mbuzi, ya seremala wa majeneza, ya wanamuziki wa mariachi na ya mkunga, kisha wakaziandika upya kwa urefu uliotakiwa. Ukuta ukiwa mfupi, namba ilikata kona na kumalizikia kwa jirani.

Matunda yalionekana mapema. Kurugenzi iliripoti kwamba malalamiko kwa njia ya simu yameshuka hadi sifuri, jambo ambalo halijapata kutokea tangu mji uanzishwe. Namba ya kupokelea malalamiko nayo ilikuwa imeshasahihishwa. Mke wa mchinjaji aliposhikwa na uchungu, mumewe aliisoma namba ya mkunga ukutani, akapiga tarakimu zote kumi na tano kwa utiifu, akarudia, akarudia tena. Mtoto alizaliwa kwenye benchi la kanisa, mikononi mwa Doña Tomasa Ureña, mwenye lori la maji, aliyekuwa anapita njia. "Mtoto ni mzima," aliandika Crisóforo. "Kanuni haina athari kwa uzazi."

Huyo Doña Tomasa ndiye aliyekuwa doa pekee katika kazi safi. Ukuta wa nyumba yake, ulioelekea uwanjani, ulikuwa na maneno MAJI KWA LORI na tarakimu kumi tupu, kubwa, za buluu. Wapaka rangi walipofika aliwafungulia mpira wa maji wakarudi ofisini wakitiririka. Crisóforo akaenda mwenyewe, na mwavuli.

"Ni agizo, Doña Tomasa."

"Agizo lilete ndoo, nitalijazia."

"Namba yako ina tarakimu kumi tu, mama. Ulimwengu hauwezi kukupata."

"Ulimwengu haunywi maji yangu, Licenciado. Wanaonipigia wako mtaa wa pili."

"Na mtu akipiga kutoka Japani?"

"Nitamwambia apange foleni nyuma ya mkunga wenu. Yule mama wa watu analia siku nzima, hana kazi, na wanawake wanazaa makanisani! Huna haya?"

Crisóforo alipekua kanuni zake, asikute kifungu chochote kinachohusu haya. Alimwita meya. Don Abundio akaja na mpiga picha, akasimama mbele ya ukuta huo, akaunyooshea kidole kwa ghadhabu ya kiuongozi. Picha hiyo, iliyopewa jina "Ukuta wa Ukaidi", ilipelekwa chamani pamoja na maombi yake ya ugombea, ili wakubwa waone ushupavu wake. Chini ya sahihi ziliwekwa namba zake nne za simu, zote zikiwa zimenyooshwa kimataifa na Crisóforo kwa mkono wake mwenyewe.

Alhamisi ikafika. Simu nne zilipangwa juu ya meza ya meya kama sahani za wageni. Mwandishi wa redio ya mji alikaa pembeni na kinasa sauti. Bendi ilisubiri uani, na yule wa tuba alikuwa ameshaanza kupuliza kidogo kidogo ili midomo isipoe. Saa nne ikapita kimya. Saa tano nayo.

"Mbona haziiti?" Don Abundio akauliza.

"Simu nzito haiiti ovyo, Mheshimiwa," Crisóforo akamtuliza, ingawa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Tangu alfajiri alikuwa akijizoeza kukaa kama meya, na mgongo ulianza kumuuma.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Aliingia Doña Tomasa, viatu vya mpira vimelowa, akiacha nyayo za tope kwenye zulia.

"Mheshimiwa, kuna binti wa chama kanipigia, anaitwa Yadira. Anasema anakutafuta tangu asubuhi na namba zako zote haziingii. Kaiona yangu kwenye picha, nyuma ya kichwa chako." Akakunjua kiganja. "Anasema umpigie sasa hivi, kabla ya saa sita. Namba yake hii hapa."

Don Abundio aliruka kitini. Crisóforo akawahi kusimama katikati yao, akauinamia ule mkono.

"Ni kumi tu," alisema kwa huzuni.

"Ni kumi nini?"

"Tarakimu, Mheshimiwa. Kanuni ya nne inasema mtumishi wa umma hatapiga namba isiyotimia. Uliitia sahihi wewe." Akashusha sauti. "Na redio iko hapa."

Meya akaitazama redio. Redio ikamtazama meya.

"Jamani, piga tu hizo kumi!" Doña Tomasa akasema. "Mimi nimezungumza naye sasa hivi, hata simu haijapoa."

"Mama, sisi hatupigi simu kienyeji," meya akasema, kwa sauti ya kurekodiwa. "Licenciado, isahihishe."

Crisóforo akaisahihisha. Ilipendeza kuitazama. Meya akapiga, spika ikiwa imefunguliwa ili taifa lisikie.

"Namba uliyopiga haipo," ilisema sauti tamu ya kike. "Tafadhali hakikisha namba, kisha upige tena."

"Umeona adabu yake?" Crisóforo akasema. "Anatuomba turudie."

Wakarudia. Wakarudia wakipumua kati ya tarakimu, ikidhaniwa mtandao unahitaji nafasi zake. Wakarudia na bendi imenyamazishwa. Katikati ya hayo simu ya Doña Tomasa ikalia mfukoni, akaipokea huku amejiegemeza mlangoni.

"Haloo, mwanangu... Ndiyo, yuko hapa hapa... Hapana, bado anaongeza tarakimu... Nakuambia anaongeza, mimi nitafanyaje?... Nani, mimi?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliwatazama wale wanaume wawili walioinamia simu, wamefungamana vichwa, na uso wake ukabadilika. "Kuna mkunga hapa amefutwa ukutani, unajua?... Tomasa Ureña Robles. Cheti cha kuzaliwa ninacho... Mwanamke, ndiyo, tangu nizaliwe. Haya. Andika."

Hakuna aliyemsikiliza. Don Abundio alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye masharubu. Hatimaye maji yalizidi unga. Alimpa mwandishi wa redio mgongo, akaifunika simu kwa koti lake, na kama mwizi wa kuku akapiga zile tarakimu kumi, fupi, za kienyeji, zisizo na hadhi yoyote. Iliita mara moja ikapokelewa.

"Chama, Yadira anaongea."

"Binti! Ni mimi, Abundio Quezada, wa San Telmo!"

"Aa, Don Abundio. Pole sana. Orodha ya wagombea nimeshaiwasilisha sasa hivi. Wakubwa walisema kama meya hapatikani hata kwa simu, atapatikanaje kwa wapiga kura. Wakaniambia niweke yeyote wa mji huo anayepokea simu. Na bahati nzuri ni mwanamke, maana orodha ilikuwa imepungukiwa na wanawake."

"Nani? Mwanamke gani?"

Doña Tomasa alikuwa anarudisha simu yake mfukoni.

"Ni mimi, Mheshimiwa," alisema. "Ukiwa na malalamiko, nipigie."

Crisóforo aliinuka upesi kuliko wote mle ndani. Alinyoosha tai, akafuta vumbi kwenye kiti kwa kiganja, akakisogeza mbele kwa unyenyekevu wa mtu aliyezaliwa kukaimu.

"Karibu ukae, Licenciada," alisema, na kiti chenyewe kilikuwa cha meya.