Kadi ya Mama Adelfina

Emilian fundi alikuwa mtu wa huruma. Mteja akimletea kitu kizuri asichojua thamani yake, Emilian alikihurumia hicho kitu na kukitafutia mtu wa kukithamini. Mtu huyo, kwa kawaida, alikuwa Emilian mwenyewe. Huruma hiyo iliwachosha watu wa Biharamulo, akahamishia meza yake Ngara mjini, karibu na stendi, ambako watu walikuwa bado wanamwita fundi bila kuguna.

Asubuhi moja akamwona mama wa makamo anakuja, amekumbatia laptop iliyofungwa kwenye kitenge. Emilian akasimama kabla hajafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni Adelfina wa Nyamiaga. Napiga muziki kwenye harusi."

Akaeleza shida yake. Huko Kibimba, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia, shangazi mmoja alinogewa kucheza akajikwaa kwenye waya wa spika. Muziki ukakatika, ukumbi mzima ukasikia bwana harusi anavyohema. Sasa amenunua spika zinazopokea bluetooth, lakini laptop yake haina, na Jumamosi ana harusi Mugoma.

"Kuna kidude cha kuchomeka ubavuni," Emilian akasema.

"Nilikuwa nacho, watoto wakakichomoa wakakipoteza. Nataka ikae ndani kwa ndani."

"Basi tunabadilisha kadi ya mtandao. Kadi za siku hizi, intaneti na bluetooth vinakaa pamoja."

Tumpe haki yake: hapo alisema kweli. Hakurudia tena siku hiyo.

Akafungua skrubu, akainua mfuniko wa chini. Kadi ilikuwa pale, ndogo kama kipande cha biskuti, imeshikwa na skrubu moja na nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe. Emilian akasoma lebo, mate yakamjaa. Kadi ya daraja la juu, ya kisasa kuliko kompyuta yenyewe, na bluetooth imo. Bila shaka kuna mtu aliizima tu kwenye mipangilio, na mama wa watu hajui.

"Mama," akasema kwa sauti ya daktari anayetoa pole, "kadi hii ni ya kizamani. Haina bluetooth. Bahati nzuri ninayo moja mpya, imetoka Dar."

Hiyo mpya ilikuwa ndani ya laptop yake mwenyewe, ile iliyomlisha kwa kupakua nyimbo za kuwauzia vijana wa stendi. Akamwomba mama akanywe chai kibanda cha pili, akaichomoa upesi, akaifunga kwenye laptop ya mama, akabana nyaya zote mbili. Mama aliporudi wakajaribu kwa spika ya Emilian. Wimbo ukalia, safi kabisa.

"Malipo uje uchukue Mugoma, muziki ukishalia mbele za watu," mama akasema.

Emilian hakubishana. Malipo yake halisi yalishalala kwenye droo.

"Na ile ya kizamani?"

"Nitakutupia, mama. Usijisumbue."

"Mungu akubariki," akasema Adelfina, akafunga kitenge chake akaondoka.

Emilian akaitia ile kadi kwenye laptop yake. Laptop haikuitambua. Akazima, akawasha, akasugua meno ya kadi kwa kifutio. Kimya. Akakwaruza lebo kwa ukucha, ikabanduka kama stika ya daftari. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, kuukuu, yenye doa jeusi la kuungua.

Vijana walipokuja kutaka nyimbo, akawaambia mtandao unasumbua Ngara nzima.

Jumamosi alichukua bodaboda hadi Mugoma, moyo unamchemka. Muziki ulimpokea akiwa bado barabarani. Akamkuta Adelfina mezani kwake, spika ziko mbali, mashangazi wanacheza bila kuogopa kujikwaa.

"Mama, ile kadi ilikuwa imekufa."

"Ipi? Ile uliyosema utaitupa?"

Adelfina akamvutia kiti.

"Kaa, mwanangu. Kuna fundi alinilia kadi yangu nzuri, akaniachia hiyo iliyoungua. Nikaibandika lebo nzuri, nikaanza kuzunguka. Fundi wa kwanza akaniambia, mama, kadi hii imekufa na lebo ni ya bandia. Nikamshukuru, ila hakuwa na nyingine. Wewe ukawa wa pili, na kutoka kibanda cha chai nilikuona unavyochomoa ya kwako."

"Nitawaambia watu."

"Waambie. Maiki hii hapa."

Emilian akaitazama maiki. Angeanzia wapi? Kwamba ameiba kitu, na kitu chenyewe kibovu? Alipokuwa bado anatafuta mwanzo, Adelfina akaichukua yeye.

"Wageni waalikwa, muziki huu usio na waya ni zawadi ya fundi Emilian wa Ngara mjini. Amejitolea kadi ya laptop yake mwenyewe, kwa ajili ya maharusi."

Vigelegele vikapigwa. Emilian akasimama, akainama kidogo, kwani afanyeje? Na lililomtisha ni kwamba, kwa kitambo, alijisikia vizuri.

Mzee Gaudence, baba wa bibi harusi, akamjia akitabasamu, mkono mmoja sahani ya ndizi na nyama, mkono mwingine laptop.

"Kijana, nimesikia moyo wako. Hii yangu nayo haina bluetooth."

Nyuma yake katekista alikuwa ameshainuka, anaelekea nyumbani kuchukua ya kwake. Emilian akamgeukia Adelfina amwokoe. Adelfina akaongeza sauti ya muziki.

Emilian akapokea sahani kwanza.