Uniti Kumi na Moja za Fleti 604

Jumatatu, 3 Februari 1997

Fleti 604 inatumia maji mengi kuliko fleti zote za jengo hili. Aliyesema ni Bi Shahnaz, mwenyekiti wa wapangaji, leo jioni katika chumba cha kufulia, mbele ya watu wanane na mashine sita. Fleti 604 ni yetu.

Uniti kumi na moja kwa wiki moja. Uniti moja ni lita elfu. Tuko wawili, mimi na mke wangu Domina! Déogratias wa 504, chini yetu, ana watu sita na ametumia tano.

Zamani maji yalikuwa ndani ya kodi, hakuna aliyehesabu. Tangu Januari kila fleti ina mita yake na italipa kadiri inavyotumia. Bi Shahnaz, mtu wa Mwanza, anasoma mita kila Jumatatu na kubandika namba ukutani. Mwandiko mzuri. Bahati mbaya.

Tarehe 23 tunachagua katibu wa maji. Wagombea ni wawili: mimi na Déogratias. Mimi nilisoma mita Bujumbura miaka kumi na minne. Mitaa mizima iliniita Bwana Maji. Hapa Scarborough, Kanada, nafagia ofisi, na katika miaka mitatu hakuna aliyeniuliza ninajua nini. Ukatibu huu ni wangu. Lakini nani atampigia kura mtu wa uniti kumi na moja?

Bi Shahnaz kamgawia kila mtu kichupa cha rangi nyekundu ya keki. Itiwe ndani ya tangi la choo, kasema, mtu asivute maji nusu saa. Bakuli likiwa jekundu, choo kinavuja. Nilimshukuru. Nikamwambia choo cha mtu wa mita hakivuji. Akasema, sawa Bwana Évariste, basi pika keki.

Jumanne, 4 Februari

Domina kasema choo chetu kinanong'ona. Nimemwambia ni upepo kwenye mabomba. Akaniambia, Baba Yvan, upepo gani unaonong'ona siku nzima? Ana kazi ngumu, anatunza wazee kule Don Mills, masikio yamechoka.

Nina mpango. Bujumbura wajanja walifungua bomba kidogo tu, tone baada ya tone, pipa likajaa na mita isisogee. Niliwakamata hamsini na watatu. Nimekumbuka kila mmoja alivyofanya. Utaalamu haupotei!

Nimenunua pipa la lita sitini. Nimefunga mpira kwenye bomba la jikoni, ncha yake ndani ya pipa. Tone. Tone. Tone. Nimesikiliza dakika kumi nikiwa nimesimama. Muziki.

Alhamisi, 6 Februari

Pipa lilijaa nikiwa kazini. Halikuniarifu.

Saa kumi na moja Déogratias alibisha hodi, sufuria mkononi. Dari la jikoni kwake limelowa na linatiririka. Alisema kwa upole mkubwa, mkubwa wangu mgombea, nimekurudishia maji yako, usije ukayalipia bure. Nyuma yake mkewe alikuwa anacheka kwa kanga mdomoni.

Nimepokea sufuria. Nimemwaga ndani ya ndoo. Sikuona sababu ya kupoteza lita nne.

Domina alipiga deki. Kwa kutumia maji mengi, nimeona.

Jumatatu, 10 Februari

Uniti kumi na mbili.

Mita za Kanada zinahesabu matone. Hili halikuandikwa popote! Bi Shahnaz kaniuliza kama nimeshajaribu ile rangi. Nimejibu kuwa bado niko kwenye hatua za kitaalamu. Déogratias akauliza, hatua ngapi, mkubwa, tujiandae na miavuli? Chumba kizima kilicheka, hata mtu asiyejua Kiswahili.

Sijayumba. Mtu aliyefukuzwa na mbwa wa matajiri wote wa mtaa wa Rohero kule Bujumbura hafukuzwi na namba.

Jumamosi, 15 Februari

Wazo bora la maisha yangu. Imeanguka theluji, sentimita ishirini. Theluji ni nini? Maji yasiyopita kwenye mita! Nchi nzima imefunikwa na maji ya bure na watu wanayasukuma kando kwa koleo.

Nimeteka ndoo saba karibu na maegesho ya magari, mahali ambapo imeshalundikwa, kuokoa mgongo. Nimeyeyusha, nimechuja kwa kitambaa mara mbili, nimechemsha dakika ishirini. Nikapika chai ya tangawizi, nikaishusha chumba cha kufulia na ilani yangu: Chai bila mita.

Wa kwanza kuonja alikuwa Mzee Madatali wa 210, aliyekuwa na duka la vitambaa Tabora. Alionja. Kisha akaniuliza kwa heshima kama kwetu Burundi chai hunywewa na chumvi.

Nilionja. Chumvi tupu! Ile wanayomwaga kwenye maegesho ili magari yasiteleze.

Nikamwambia ndiyo, mzee, kwa wageni wa heshima tu. Akamaliza kikombe chote, akainamisha kichwa, akaomba radhi kwamba cha pili hatakiweza. Huyo ni muungwana, na ni kura moja.

Domina alipopata habari aliniuliza kama nataka kuua wapiga kura kabla ya kura au baada.

Jumatatu, 17 Februari

Uniti kumi na mbili tena. Siku sita zimebaki. Leo nimepita kando ya zile namba za ukutani bila kugeuza shingo. Wanasema Déogratias ameshaanza kuitwa katibu.

Jumanne, 18 Februari

Naandika kwa usahihi, maana mimi ni mtu wa usahihi. Asubuhi, nikiwa naoga kwa kikombe kimoja, Domina alitia ile rangi ndani ya tangi. Baada ya dakika tano aliniita. Bakuli lilikuwa jekundu kama juisi ya rozela.

Fundi wa jengo alikuja saa nane. Mpira unaoziba tundu la chini ya tangi umeliwa na miaka. Aliubadilisha kwa dakika tisa. Hakulipwa kitu, ni kazi yake. Alisema choo kama hicho kinamwaga lita elfu moja na zaidi kwa siku, mchana na usiku, bila mtu kugusa.

Kunong'ona kumekoma. Kimya hiki kina kiburi.

Maoni yangu: mpira ule uliharibiwa na baridi. Bujumbura usingethubutu.

Jumapili, 23 Februari

Jana Bi Shahnaz alisoma mita yetu upya. Siku nne, uniti moja na robo. Nilisimama wima aliposoma.

Mkutano ulijaa. Déogratias alisema tufunge bomba tunapopiga mswaki, akakaa. Mimi nilieleza msukumo wa maji katika miji ya milimani, dakika ishirini na tano, bila karatasi. Watu wawili walitoa nguo zao kwenye mashine na kuzikunja.

Kisha Bi Shahnaz akamwomba Domina aseme alichokiona. Domina alisimama na kichupa. Rangi, nusu saa, tazama, mwite fundi, usimsikilize mumeo. Dakika mbili. Mzee Madatali akanyanyua mkono, akapendekeza jina lake. Déogratias akamuunga mkono! Akasema, shemeji, wewe chukua, maana dari langu linakuamini.

Domina: kura thelathini na nne. Déogratias: tano. Mimi: moja. Kura ni siri, sitasema ni ya nani.

Ukatibu umekuja fleti 604. Mpango wangu ulikuwa huo tangu mwanzo. Na nani alimwoa Domina? Mimi, kwa macho yangu mwenyewe, mwaka 1969, kabla mtu yeyote hajamwona. Nimepiga makofi mpaka mikono ikawaka.

Jumatatu, 24 Februari

Meneja wa jengo katangaza: kuanzia Mei umeme nao utapimwa kila fleti.

Domina kaniambia nisiguse kitu, nisubiri kamati ya wapangaji. Bila shaka. Friji nimeizima baada tu ya yeye kwenda kazini. Nje ni baridi digrii sita chini ya sifuri, na balcony ni friji aliyotupa Mungu. Nyama kilo tatu, samaki wawili, maziwa. Kindi mmoja ananitazama kutoka kwenye kamba ya nguo. Naona ni mpenda sayansi.

Nimeomba nafasi ya kuwaeleza wapangaji mbinu hii. Katibu amenipa dakika tatu. Jumanne, 4 Machi, saa moja jioni, chumba cha kufulia.