Mkoromo wa Fainali

Alhamisi, 6 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka, nijiandae. Basi najiandaa kwa kusema nililowaficha wanaklabu wote: sijawahi kusinzia kwenye sataranji. Hata mara moja. Kidevu kifuani, mkoromo mwembamba, mate kidogo mdomoni, vyote naigiza. Mpinzani ananihurumia, anacheza ovyo. Nafumbua jicho, namla malkia. Ndivyo nilivyofika fainali. Keshokutwa nakutana na shemeji yangu, Mfamasia. Tangu nimwoe dada yake sijamfunga. Safari hii lazima. Nyingine sitaipata.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi ya kukoroma chumbani. Binti yangu kaingia mbio na glasi ya maji, akidhani nakata roho. Nikamweleza. "Baba, na uzee huo bado una mambo?" Shemeji naye kapiga simu kunitakia heri, kanisihi nilale mapema. Mnafiki mkubwa. Kwa kumkomoa, nimekesha na ubao.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Nilicheza vizuri ajabu. Farasi wangu wawili walimbana mfalme wake kwenye kona. Hatua mbili tu, kwisha habari yake. Mwenye akili timamu angetulia amalize. Mimi nikaona nimwongezee na mkoromo, asije akapata upenyo. Alipoinamia ubao kufikiri, nikainamisha kidevu.

Nilipofumbua macho, watu walikuwa wakipanga viti. Shemeji alishacheza zamani, akabonyeza saa ya mchezo, dakika zangu zote zikateketea, nikahesabiwa nimeshindwa. Kumbe janja yangu anaijua miaka yote. Mwamuzi alitaka kuniamsha, yeye akamzuia: "Muache huyo, anatutega." Ukumbi mzima ukakaa kimya, kwa heshima kabisa, ukisubiri mtego ufyatuke.

Jumapili, 9 Machi

Binti ameuliza kama nimejifunza lolote. Nimejifunza kwamba mkoromo umechuja. Mashindano yajayo, nikiwahi, nitajaribu kikohozi.

Jioni shemeji amekuja na kombe lake, akaliweka mezani tulitazame wote. Akanisifu: "Shemeji, jana ulitisha. Hujawahi kuigiza vile." Nikamshukuru. Nikamwambia sanaa ndivyo ilivyo, wakati mwingine msanii anapitiliza. Akacheka mpaka akafuta machozi. Maneno hayohayo nimempa mwamuzi, jirani na daktari, na nitakwenda nayo kaburini.

Humu tu ndimo naandika: nilikuwa nimelala. Fofofo.